Tumpe Asiende na Migomba Yetu

Mama yangu,

Shikamoo. Mugonile huko? Mgongo umeachia, au bado unaamka umeinama? Na mvua, bado inanyesha asubuhi mpaka jioni kama nilivyoiacha? Mimi nakula, mwili upo, ila roho iko juu juu siku ya nne leo. Naomba barua hii uisome peke yako. Kaa kule nyuma ya jiko, usimpe mdogo wangu Tumpe akusomee kwa sauti. Juzi nilipiga simu nikueleze, ukaweka spika kama kawaida yako, nikawasikia wakwe zake kutoka Ikuti wanacheka hapo ndani. Nikashindwa. Nikaishia kuuliza kama mmeshakula. Ndiyo maana nimemwomba dereva wa lori la ndizi akuletee hii.

Mama, harusi iendelee, lakini Tumpe asibebe migomba yetu. Hata mche mmoja! Ngoja nikueleze, usikasirike kwanza.

Unakumbuka kile chipukizi nilichoondoka nacho Pasaka, nimekifunga kwenye mfuko wa mbolea, ukaniuliza huko Dar nitakipanda kwenye sahani? Nilikipanda hapa kazini. Nilikwambia nafanya kazi bustani ya jiji, watu wanakuja kupumzika Jumapili na kupiga picha na maua. Ni kweli, ila nyuma kuna uzio, na ndani ya uzio wapo watafiti wa mimea. Wana migomba ya mikoa mingi, kila mmoja una kibao chake. Kazi yangu ni kumwagilia na kufyeka, lakini si unanijua, siwezi kutulia. Nasoma mambo ya mimea kwenye simu mpaka macho yanauma, nawauliza maswali mpaka wananikimbia. Sasa nikaangalia vibao vyote, wa kwetu haupo! Nikasema hawa nitawashangaza.

Sheria yao ni kwamba mmea wowote ukitoka nje unakaa kwanza peke yake kwenye kibanda cha wavu mpaka upimwe. Niliijua. Nikaupanda kimya kimya mwisho wa mstari, karibu na bomba. Mzee Chande, tunayefyeka naye, akaniona, akacheka sana. "Nyie Wanyakyusa bila mgomba karibu hamlali? Haya, ukizaa nipe mkungu, la sivyo nasema."

Ukashika vizuri, nikawa najisifu moyoni. Afu Alhamisi nakuta jani la kati limekuwa njano, limelegea kama nguo iliyolowa. Nikajidanganya ni jua. Ijumaa yakawa mawili. Nikachanja shina kidogo nione ndani. Mama, yakatoka maji ya njano mazito, kama usaha kwenye jipu. Nikakitupa kisu chini. Picha ile nimeshaiona kwenye simu. Ni mnyauko. Hauna dawa, unaingia kwenye mgomba mmoja, baadaye unamaliza shamba.

Mzee Chande alininong'oneza, "Ng'oa, choma, funga mdomo. Kazi utaipata wapi tena?" Nikaushika kweli niung'oe. Hapo hapo nikaukumbuka ule wa kwetu, karibu na choo. Si ulikuwa na majani ya njano ile Pasaka? Ukasema umezeeka tu, nikaufyeka. Na panga lile lile, mama, bila kulipitisha hata kwenye moto, nikasafisha shamba zima mpaka barabarani. Ukanisifu, ukanipikia ndizi za mbalaga. Ugonjwa huu unatembea na panga! Nimesoma yote hayo, na nikiwa nyumbani sikukumbuka hata moja.

Nikaenda kwa Dokta, yule mama, mkubwa wa watafiti, nikamwambia yote nimesimama mlangoni. Nilijua atanifokea.

"Umeutoa wapi?"

"Nyumbani, Rungwe."

"Ulipita kwenye kibanda?"

"Hapana, Dokta."

Afu akauliza, "Na nyumbani mlikata na nini?" Hapo ndipo nililia, mbele za watu.

Wameung'oa, kipande kimepelekwa kupimwa, majibu bado. Mstari wote umezungushiwa kamba. Nikipita naangalia majani ya wenzake, moyo unapiga kama nimeiba. Kazi sijui kama ninayo. Lakini mimi nitapata nyingine. Shamba lako hutalipata jingine.

Kwa hiyo, mama, ukimaliza kusoma nenda pale karibu na choo, kata chipukizi kimoja kwenye shina, uangalie. Yakitoka yale maji ya njano, usiguse mwingine. Panga liweke kwenye makaa mpaka chuma kiive. Halafu muite bwana shamba wa kata, asije kesho kutwa, aje siku hiyo hiyo. Na hata usipoona kitu, Tumpe bado asibebe. Ugonjwa unaweza kukaa ndani umejificha.

Najua ninachokuomba. Migomba ile bibi alikupa ulipotoka Igogwe kuja kuolewa, na wewe umesubiri miaka yote umkabidhi Tumpe. Wakwe watasema binti kaja mikono mitupu, mama yake mchoyo. Waambie ni Lusajo amekataza, yule kichaa wa simu. Wakicheka, wanicheke mimi. Akiipeleka Ikuti ikafia kwao, hawatacheka tena.

Nisalimie mjomba wa Kyimo, yule wa kwaya, na asije kuomba mche wowote mwaka huu. Tumpe mwambie nampenda, zawadi yake naituma, haina udongo. Bibi msalimie, ila haya usimwambie bado.

Jirani yetu Mama Ipyana usimpe salamu tu. Nenda kwake leo, hata kama mvua inanyesha. Siku ile nilipomaliza kufyeka alikuja kuazima panga akasafishe migomba yake. Nilimpa mimi, kwa mkono wangu, bado limelowa.

Ndaga fijo, asante sana mama. Usinichukie.

Mwanao,
Lusajo