Mwewe Akija, Mashine Italia?

Marahaba, mjukuu wangu Elia. Nina miaka themanini na mbili; matrekta ya shamba la ngano yote yamekufa, mimi nipo. Huku kijijini Gitting tu wazima, na ng'ombe amezaa.

Huyo uliyeniandikia kuwa anataka kukuuzia mashine ya kutotoa vifaranga simwamini. Zamani dereva wa shamba la ngano aliniletea vifaranga wa mashine. Akasema, "Hawa hawahitaji mama, bwana!" Nikajiuliza anaficha nini.

Nikawaachia uani pamoja na kuku wangu aliyeatamia mwenyewe. Mwewe akatokea. Kuku akalia, wanawe wakajificha chini ya mbawa. Wale wa dereva wakabaki wanamtazama mwewe kama mgeni. Akabeba wawili.

Kabla hujatoa hela, muulize muuzaji: mwewe akija, mashine italia?

Ukibisha, muulize bibi yako. Ndiye aliyemrushia mwewe mwiko wa ugali, akamkosa.