Vigelegele vya Wimbo wa Mwisho

Kuze, Mombasa

Kwa kaka yangu Faiz,

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai waraka huu utakufikia huko Maskati ukiwa mzima, wewe na wifi yangu na watoto. Sisi hapa miili yetu haijambo. Shangazi Khamisa anakusalimu. Miguu bado inamsumbua, lakini ulimi, alhamdulillahi, hauna ugonjwa wowote. Huo ulimi wake ndio ulionikalisha niandike.

Nimepata habari zako kwamba Rahma anaposwa, na kwamba mtakuja kuipokea posa hapa nyumbani Kuze. Namwombea mwanao kheri. Umeniomba niwaongoze wanawake kwa vigelegele, kwa kuwa unasema katika ukoo wetu hakuna anayenifikia. Ni kweli, hakuna. Lakini hujawahi kuuliza vilikozoea kusikika hivyo vigelegele vyangu. Leo nitakueleza, na jibu la ombi lako nitakupa mwisho.

Unakumbuka nilipokuwa karani katika ofisi ya malori pale Makupa. Nyuma yetu palikuwa na gereji, na kila alasiri vijana walipiga humo muziki wa roki, magitaa yakinguruma mpaka vikombe vya chai vikawa vinatembea juu ya meza. Bosi alinituma nikawaambie wapunguze. Nikaenda nimeukunja uso. Mwimbaji alikuwa Chonga, Mdigo wa Kibarani, amefumba macho anaimba habari za watu wanaookota vyuma jalalani, kwa Kiswahili chetu hiki hiki, kwa sauti yenye mikwaruzo. Niliusikiliza wimbo mpaka ukaisha. Nikarudi ofisini nikamwambia bosi sikumkuta mtu.

Bendi yao ikiitwa Kutu. Tangu siku ile nikawa mtu wa Kutu, kaka, wala sioni haya kusema. Nilinunua fulana yao nyeusi nikawa naivaa ndani ya buibui, na majirani wakanisifu kwa kujistiri. Nyimbo zote nilizihifadhi. Kwenye maonyesho wenzangu walirukaruka na kupiga mayowe. Mimi nilipiga vigelegele, maana ndivyo nilivyolelewa kufurahi. Mara ya kwanza Kioko, mpiga dramu wao, alicheka mpaka kijiti kikamtoka mkononi. Baadaye ikawa desturi. Chonga akawa haanzi wimbo wa mwisho mpaka avisikie vigelegele vyangu. Husimama kimya, kichwa amekiinamisha, na ukumbi mzima unanigeukia mimi. Sijapata kuwa mtu mbele za watu kama nilivyokuwa wakati ule.

Tukapendana, ndipo Chonga akaja na wazee wake kuleta posa. Baba alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, wewe ndiye walii wangu wa kuniozesha. Nilikaa ghorofani na wanawake, roho mkononi, kwa kuwa nilijua unavyowaona wapiga gitaa. Tulipoletewa habari kwamba umekubali, nilipiga vigelegele mpaka koo likaniuma, na wewe ukateremka na Chonga barazani, tukadhani unamsindikiza. Nilikuombea dua siku ile. Nilisema nimejaliwa kaka anayenielewa.

Baada ya harusi Chonga hakurudi gerejini. Gitaa alimpa Kioko, akafungua duka la vipuri vya malori. Nilipomuuliza alisema amechoka, mambo ya ujana yana mwisho wake. Kutu walijaribu bila yeye, wakashindwa, wakatawanyika. Mashabiki wenzangu wakawa wakinikuta njiani wananiambia nimewafungia mwimbaji wao ndani. Hasira zote nikamgeuzia yeye. Nilimwambia nimeposwa na mwimbaji nikaolewa na muuza beringi. Nilimwita mwoga. Miaka yote hii hakunijibu neno. Huchukua kofia yake akaenda msikitini.

Sasa sikiliza. Juzi juzi tulikuwa tukizungumza habari za posa ya Rahma, shangazi akacheka akasema kijana huyu naye Faiz atamteremsha barazani. Nikauliza kumteremsha vipi. Akanitazama kwa mshangao, kumbe alidhani najua. Akaniambia siku ya posa yangu alikuwa chini anachemsha kahawa, akakusikia ukimwambia Chonga kwamba dada yako haolewi na gitaa. Ukamwekesha mkono juu ya msahafu, akaapa kwamba hatapiga wala hataimba tena, na kwamba mimi sitaijua sababu. Hili la pili, Faiz, ndilo linalonichoma. Kwa la kwanza tungegombana yakaisha. Kwa la pili umenifanya nimdharau mume wangu ili siri yako isitiriwe.

Nilimuuliza Chonga. Akasema hakutaka upate la kusema, kwamba Mdigo hatimizi ahadi. Nikaenda kwa maalim wa madrasa, akanifahamisha kwamba kiapo kina kafara yake, walishwe maskini. Nikapika pilau, Chonga akawagawia kwa mkono wake mwenyewe. Nikamwendea Kioko, naye akanipa gitaa bila kuuliza kitu.

Chonga alikaa sebuleni akazikaza nyuzi moja moja, taratibu, akichelea zisikatike. Alipomaliza akakiinamisha kichwa, akanyamaza. Nilielewa anangoja nini. Nikafungua kinywa, kaka, hakikutoka kitu. Nikajaribu tena, kikatoka kilio. Alingoja kidogo, akaliegemeza gitaa ukutani, akasema basi, si kitu, akaenda zake dukani. Gitaa liko pale pale hadi leo na hatuligusi.

Kwa hiyo, kuhusu ombi lako. Siku ya Rahma nitapika, nitapanga vikombe, nitakaa na wanawake. Na kijana anayemposa nitamwambia mwenyewe, mbele ya wazee, asiteremke nawe barazani. Lakini wa kupiga vigelegele mtafute mwingine. Vyangu uliviapisha pamoja na sauti ya Chonga siku ile pale chini, huku mimi ghorofani navipiga kwa ajili yako.

Msalimie wifi na watoto, na Rahma umwambie shangazi yake anampenda. Mungu awafikishe salama.

Ni mimi dada yako,
Nasiha, mke wa Chonga wa Kutu