Pembe Mbili za Shuka

Kaka yangu Kola,

Shikamoo. U hali gani huko safarini? Na kile kifua kilichokuwa kikikusumbua kabla hujaondoka, kimetulia? Sisi huku ni wazima. Kuta zimesimama, bomba linatoa maji siku linapojisikia, na fundi viatu wa ng'ambo ya barabara anakusalimu, anauliza kama bado unavaa vile viatu vyenye ncha vinavyokubana vidole. Mama naye anakusalimu. Ameniagiza nikuulize kama huko hotelini wanakupa chakula cha moto.

Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi. Jana ulisema wewe mwanzo hadi mwisho, na kila nilipofungua mdomo ukaniambia ninyamaze kwanza, kisha ukakata. Barua haikatizwi. Unaweza kuifinyanga kwa hasira ukaitupa, lakini utaiokota tu, nakujua. Ulisema nimemwiba mama nyumbani kwako ukiwa safarini. Ulisema nimrudishe kabla hujafika, na nisipomrudisha utakuja na gari umchukue, nami nisikuite kaka tena. Nimekusikia. Jibu langu nalitanguliza ili usilitafute huko mwisho: simrudishi.

Usidhani nimesahau ulivyomchukua. Nakumbuka siku ile alipoanguka chini ya kamba ya nguo, shuka likamfunika mwili mzima, nami nikapiga ukelele nikidhani ndiyo basi tena. Ulikuja siku hiyohiyo na tai shingoni, ukambeba mama mikononi mpaka kwenye gari, ukalia mbele ya mtaa mzima bila kuona haya. Daktari wako akasema moyo umechoka, apumzike. Nikakubali. Nguo zake nilizifungasha mimi mwenyewe. Ukubwa ni jaa, kaka, na mzigo ule uliupokea bila kunung'unika. Hilo sikunyimi, hata leo nikiwa nimekukasirikia hivi.

Lakini nilipokuja kumtazama kwako, sikumkuta mama. Nilimkuta mwanamke wa gauni jipya, amekaa kwenye kochi, mikono ameilaza mapajani kama mtu anayengoja kuitwa jina lake hospitali. Mikono ile iliyokuwa na nguvu za kukamua blanketi, ilikuwa imelainika kama ya mtoto mchanga. Akaniuliza jua la huku likoje, kama mashuka yanakauka kabla ya mchana. Nikamwambia yanakauka. Akauliza na upepo je. Zaidi ya hapo hakuuliza kitu. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na kamba ya mama uliifuma kwa hariri: asishike ndoo, asiingie jikoni, asianue hata kitambaa cha meza. Wewe ukanishika mkono ukanipeleka kuonyeshwa mashine ya kufulia inavyozunguka yenyewe, ukaniambia kwa fahari kwamba mama sasa hana kazi yoyote duniani.

Kisha ukatokea mkasa wa bafuni. Ulinipigia unanong'ona kwamba umemkuta mama anafua taulo safi, zilizokuwa zimekunjwa kabatini, amezitia kwenye beseni na povu limempanda mpaka kwenye viwiko. Ulisema akili imeanza kumtoka. Ukatia kufuli kwenye mlango wa bafu, ukaanza kuulizia mahali wanapotunzwa wazee waliosahau majina ya watoto wao. Hapo ndipo tulipoachana njia, kaka.

Mama hajasahau kitu. Alijua kabisa kwamba taulo ni safi. Alifua kwa sababu anapenda kufua. Najua neno hili litakukera, kwa kuwa tulikua tukiambiwa mama anateseka kufulia watu ili tusome, nawe umeishi miaka yote ukitaka kumfuta mateso yale. Yalikuwepo, sibishi. Nimeona vidole vyake vikipasuka kwa baridi na sabuni. Ila wewe hukuwahi kubaki uani mpaka kazi iishe. Ulikuwa mtu wa vitabu, na hukutoka mlangoni mpaka kola ya shati isimame, ndiyo maana tukakuita hivyo. Mimi nilibaki, na vibanio mdomoni, nikapata jina langu. Nilimwona mama akizamisha uso kwenye shuka lililotoka juani, anavuta pumzi, anatabasamu peke yake. Nilimwona ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, kikombe cha chai mkononi, anaitazama kamba imejaa nyeupe tupu kutoka ukutani hadi mlangoni, na usoni ana kiburi cha mwenye mali. Nani alimlazimisha kutabasamu?

Na kukunja je? Kazi hiyo mashine yako haitaijua mpaka iote kutu. Shuka la kitanda kikubwa halikunjwi na mtu mmoja likanyooka. Mama anashika pembe mbili, mimi pembe mbili, tunarudi nyuma, tunavuta. Sheria ya uani kwetu unaijua: atakayevutwa mpaka ainue kisigino ndiye atakayechemsha chai. Mwamuzi ni fundi viatu, na anampendelea mama waziwazi. Siku aliporudi nilimwekea kiti. Akakitazama, akakisukuma kwa mguu, akashika pembe zake mbili za shuka la nyumba ya wageni tunayoifulia. Nikavuta polepole, kwa huruma. Akaniambia, "Vuta kama mtu, au nenda ukaishi kwa kaka yako." Nikavuta. Akanivuta yeye mpaka ndala zikanitoka. Akacheka, Kola, akacheka mpaka akashikilia kamba asianguke, na huko ng'ambo fundi viatu anagonga nyundo kwenye kiti kutangaza matokeo. Chai nilichemsha mimi.

Usije ukadhani namtumikisha. Ndoo za maji nabeba mimi, mablanketi nakamua mimi, na dawa zake anakunywa nikimtolea macho. Anafua vitu vidogo asubuhi, jua likipanda anahamia kivulini na kuanza kukosoa ninavyoanika. Moyo wake bado umechoka. Huenda daktari wako anasema kweli, huenda kwenye kochi lako angeishi zaidi. Nimeliwaza sana hilo, sikulipuuza. Akianguka tena chini ya kamba nitalia mpaka sauti inikauke, nawe utaninyooshea kidole mbele za watu, nami sitakikwepa. Lakini simzuii. Furaha ya mama si kubwa, inaenea kwenye beseni, na mtu yeyote anaweza kuimwaga akidhani anafanya usafi. Mimi sitakuwa mtu huyo, na wewe sikuruhusu.

Sasa nije kwenye lile ulilokuwa ukiniuliza kwa kelele, kwamba ni nani aliyenifungulia geti. Nilitaka kunyamaza, lakini mwenyewe amesema niandike, tena nisizungukezunguke. Alifungua mkeo. Wifi ndiye aliyenipigia simu, ndiye aliyepanga nguo kwenye begi, ndiye aliyeita teksi na kukaa na mama kiti cha nyuma mpaka hapa. Usimkaripie kabla hujasoma sababu yake.

Wifi anasema mama, tangu alipohamia kwenu, alimwomba jambo moja tu: mashati yako. Ukishatoka kwenda kazini, alikuwa akiyatoa kwenye kapu kabla hayajaingia kwenye mashine, anayafua kwa mkono, anayaanika kwenye dirisha la nyuma lenye jua, anayapiga pasi, na wifi anayatundika kabatini. Walikuwa na siri yao, na walikuwa wakiifurahia. Siku ile ya taulo, mashati yalikuwa yamekwisha, na mikono bado ilikuwa inataka kazi. Ndio wazimu wote uliouona.

Na kuna hili, ambalo wifi alinieleza akiwa amekaa juu ya ndoo ya mama huku anajifuta macho. Anasema asubuhi, kabla hujafunga vifungo, ulikuwa unainua kola unainusa. Unafumba macho. Ndivyo ulivyokuwa ukifanya mlangoni ukienda shule, nami nikikucheka. Ukawa unamwambia kwamba mashine hii kweli ni mashine, kwamba shati linatoka na harufu ya nyumbani. Wifi akawa anakubali kwa kichwa tu. Ulipofunga bafu kwa kufuli, mashati yakaenda kwenye mashine kikweli. Kesho yake ukavaa, ukainua kola, ukanusa, ukabaki umeishikilia. Ukamuuliza kama amebadilisha sabuni. Ukamuuliza tena siku iliyofuata. Wifi akaona kwamba nyumba yake imekuwa na watu wawili wanaokauka, na hakuna anayejua nini kimempata.

Basi njoo na gari, kaka, kama ulivyoahidi. Geti letu halina kufuli. Njoo na mashati, mama ameyaulizia, na hiyo tai iache huko. Utakuta shuka kubwa kwenye kamba. Mimi nitakaa pembeni na vibanio vyangu. Mama atashika pembe mbili, na wewe utashika mbili. Ukimvuta mpaka akainua kisigino, mpandishe garini uende naye, sitasema neno, na fundi viatu nimeshamwambia asipendelee.

Wifi anakusalimu kutoka hapahapa, amekuja kujifunza kukunja, na watoto wako wameloa chapachapa. Fundi viatu anasema vile viatu ulete avitanue. Mama anakuombea urudi salama, ufunge vifungo mpaka juu kukiwa na baridi, na amenituma nikuulize kama bado unajua kuchemsha chai.

Mdogo wako akupendaye, tena mkaidi,
Kibanio