Faili la Njia ya Ng'ombe

Baba, shikamoo.

Faili limepatikana. Nimelisoma lote, nimechapisha nakala tatu, na kesho Jumatatu nitalisoma mbele ya baraza la kata. Nakuandikia leo kwa sababu sijui kesho nikitoka pale nani wa nyumba hii atakuwa anaongea na mimi.

Nikueleze kwa mpangilio, ulivyozoea kunidai mimi na darasa lako zima.

Ni mwezi wa tatu tangu tukuzike. Wiki chache baada ya mazishi, mdogo wangu Paskali alilima shamba la chini lote mpaka ukingo wa korongo. Alipanda mahindi na mbaazi pale pale ng'ombe wa Mzee Gida wanapopita kwenda ziwani kulamba chumvi. Jumamosi ya wiki iliyopita, mahindi yakiwa yamefika magotini, ng'ombe walipita kama siku zote. Paskali na wenzake wanne waliwazuia. Gwandu, mtoto mkubwa wa Mzee Gida, uliyemfundisha darasa la nne na aliyebeba jeneza lako upande wa kushoto, alipigwa rungu kichwani.

Mama alinipigia simu Jumapili asubuhi. Nilifika kwa basi la mchana. Gwandu alikuwa hospitalini, hajitambui. Paskali alikuwa ameshaandikisha maelezo polisi. Alisema hakuwahi kuambiwa kama kuna njia ya mifugo kwenye shamba lile, na kwamba aliona wavamizi. Mzee Gida alipoulizwa ana ushahidi gani, alijibu maneno mawili.

"Mwalimu aliandika."

Kila mtu alijua kwamba uliandika, Baba. Aliyejua uliandika nini hakuwepo. Nakala ya kijiji ililiwa na mchwa. Nakala ya Mzee Gida ilikuwa juu ya paa la nyumba ya mke wake mdogo, mvua ikaimaliza. Iliyobaki ilikuwa ndani ya kompyuta yako ya zamani, sebuleni, chini ya kitambaa cha kufuma cha Mama. Na kioo chake kilikuwa kimekufa.

Hilo la kioo ulinionya. Ulinipigia mara tatu wakati wa masika. Mara ya kwanza ulisema, "Resti, ile mpya haiioni ile ya zamani." Mara ya pili ulisema kioo kinawaka dakika chache kisha kinakuwa cheusi, na unataka kuhamisha mambo ya njia kabla hakijazima kabisa. Mara ya tatu hukueleza kitu. Uliuliza tu kama nina nafasi. Mara zote tatu nilijibu nitakuja wikiendi. Nilikuwa kazini. Siandiki haya ili unisamehe, naandika kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Unakumbuka nilipokuletea ile mpya. Nilichomeka waya kati ya hizo mbili, nikabonyeza huku na huku robo saa, haikukubali, nikasema tutaangalia siku nyingine. Ulicheka. Ulisema, "Hii yako haina adabu. Inaingia na kusema mambo. Mzee anasubiri shikamoo." Nilidhani ni mzaha wa mwalimu mstaafu.

Jumatatu nilimtafuta fundi wa kompyuta mjini Katesh. Alisema vioo vya aina ile aliuza vyote kama chuma chakavu, lakini nikimletea boksi atatoa diski na kujaribu. Nilirudi kulichukua. Mama alisimama mlangoni akasema hapana. Ukoo haujakaa kugawa vitu vyako, na kitu cha marehemu hakivuki kizingiti kabla ya kikao. Hata jembe lako bado liko pale ulipoliegemeza. Paskali alimuunga mkono haraka mno. Nililiona hilo nikaliweka akilini.

Flashi nayo haikuwezekana, unajua kwa nini. Mwaka ule virusi vya steshenari vilipokula alama zote za mtihani wa majaribio wa darasa la saba, ulikaa na tyubu ya gundi ya chuma ukaziba matundu yote ya flashi, moja baada ya jingine, ukapuliza mpaka yakakauka. "Sasa aje nimwone," ulisema. Hakuja tena. Wala mimi sikuweza kuingia.

Ilibaki njia ya waya, kuanzia kwenye kompyuta mpya, bila kuona kinachotokea kwenye ya zamani. Nilichokuwa nacho ni daftari lako. Ukurasa wa mwisho, kwa kalamu nyekundu: jina la mashine, namba yake, folda uliyoifungua kwa wote, jina lako na neno la siri. Umeandika pia: "Ikiwashwa italia mlio mmoja na kusubiri. Bonyeza F1." Niliwasha. Ililia. Nilibonyeza. Baada ya dakika mbili ukatoka ule muziki wake wa kuamka. Mama alitoka jikoni na unga mikononi, akaangalia kiti chako, akarudi.

Siku nzima ya Jumanne ilikwenda hivi. Taa ya waya iliwaka kijani, maana yake mashine zimegusana. Lakini mpya ilisema hakuna mtu upande wa pili. Kumbe kila mashine lazima iwe na namba ya jirani yake. Ya zamani inaishia na moja, nikaipa mpya mbili. Bado. Nilimpigia fundi wa pale kazini kwetu. Alieleza kwamba kompyuta mpya zimefungiwa ile njia ya kale ya kuongea, kwa sababu wezi waliizoea, na kwamba ndani ya mipangilio kuna orodha ambapo naweza kuifungulia kwa muda. "Ukimaliza, ifunge," alisema, "usiiache wazi." Nikaifungulia, nikaizima mashine, nikaiwasha. Folda yako ikaonekana. Nikabonyeza. Ikadai jina na neno la siri. Nikaandika kama yalivyo kwenye daftari, ikakataa. Nikarudia mara sita. Ikakataa mara sita.

Basi ulikuwa sahihi kuhusu shikamoo. Mpya ilikuwa imejifunza kusalimia, na bado mzee haitikii.

Jumatano asubuhi nilisoma ukurasa ule tena, mstari kwa mstari, jinsi ninavyosoma hati ya mtu nisiyemwamini. Chini kabisa, kwa penseli: "Umeme ukikatika, saa yake inarudi mwaka ilipotengenezwa. Saa zisipofanana hazipatani." Betri ya saa ilikufa zamani. Wewe ulikuwa ukirekebisha tarehe kila asubuhi kabla ya kazi, kama mtu anayenawa uso. Mimi bila kioo nisingeweza kuirekebisha ya kwako. Nikairudisha nyuma ya kwangu. Niliandika tarehe mosi Januari ya mwaka uliochapwa nyuma ya boksi lake. Nilikuwa darasa la tano mwaka ule, na Paskali alikuwa bado anabebwa mgongoni. Nikabonyeza.

Ikafunguka.

Faili lilikuwa la nne kutoka juu. "Muhtasari wa njia ya ng'ombe." Nililinakili kwanza, ndipo nikalifungua. Umeandika kama unavyoandika siku zote, bila neno la ziada. Wakulima na wafugaji walitembea pamoja kutoka kivuko cha korongo mpaka jiwe jeupe. Upana hatua ishirini. Njia inapita ndani ya shamba la chini la Mwalimu, kwa ridhaa yake mwenyewe, na warithi wake wataiheshimu. Halafu majina ya waliokuwepo. Mstari wa mwisho unasema: "Kamba ya kupimia ilishikwa na Gwandu kwa mbele, na mwanangu Paskali kwa nyuma."

Paskali alikuwa amesimama nyuma yangu. Hakushangaa. Mtu asiyejua angeshangaa.

Alivuta kiti akakaa. Aliongea taratibu, kama mtu anayeomba chumvi. Alisema njia iache ilivyo, atang'oa mahindi, hilo halina neno. "Futa mstari mmoja tu, dada. Huo wa kamba. Hakuna aliyeuona ila wewe."

Nilimwambia nimeuona.

"Wewe ni mtu wa magazeti," alisema. "Kila siku mnakata maneno ya watu."

Ni kweli, tunakata. Tunakata ili nafasi itoshe. Nilimuuliza Mama kama faili nalo ni kitu cha marehemu kisichovuka kizingiti. Mama alikuwa anachambua maharage, hakuwa amesikia habari ya mstari. Alisema, "Hayo si vitu vyake. Hayo ni maneno ya watu. Wapelekee." Niliondoka na flashi mfukoni. Sitajidanganya, nilijua kwamba nimemuuliza kabla hajajua.

Gwandu alifariki Alhamisi kabla ya saa nne asubuhi. Mchana polisi walikuja kumchukua Paskali. Alikuwa anakata majani ya ng'ombe, akaomba anawe mikono kwanza, wakamruhusu. Baraza lililokuwa likae Ijumaa likasogezwa mpaka kesho. Ijumaa nilichapisha zile nakala kwenye duka lile lile la steshenari lililokula alama zako. Mwenye duka alisema pole ya Mwalimu. Sasa Mama anajua. Ananiwekea chakula, anakifunika, anakwenda kula jikoni.

Jumamosi, baada ya Gwandu kuzikwa, nilipeleka nakala moja kwa Mzee Gida. Nilimwamkia. Aliitikia marahaba, na hilo sikulitegemea. Hajui kusoma, akaniambia nimsomee. Nilisoma kuanzia juu, kwenye korongo, hatua ishirini, jiwe jeupe. Wanawake walikuwa wamekaa upande wa pili. Nilipofika kwenye mstari wa kamba nilisoma kwa sauti ile ile.

Kisha akauliza, "Paskali alishika nyuma?"

"Alishika nyuma."

"Na mwanangu mbele."

"Ndiyo, mzee."

Aliichukua karatasi, akaikunja mara nne, akaitia ndani ya shuka. Sikuona hasira usoni mwake. Angekuwa na hasira ningejua pa kusimama.

"Mwalimu aliandika," alisema. "Ninyi mlikuwa wapi?"

Nimekuwa nikiuliza watu maswali kwa miaka kumi na tisa, Baba. Jibu la swali lake ni zile simu tatu. Ningekuja masika, karatasi ingebandikwa ukutani kabla ya mtu kufunga ng'ombe nira. Sisemi Paskali asingeinua rungu. Nasema asingepata pa kusimama na kusema hajui.

Nimerudisha saa ya kompyuta mpya kwenye siku ya leo, na ile njia ya kale nimeifunga kama fundi alivyotaka. Ya zamani nimeizima mwenyewe, nikaifunika kitambaa chake. Kwa zile dakika chache nilizokuwa nanakili, mashine zote mbili ziliamini kwamba upo hai na una nywele nyeusi. Niliangalia tarehe ile pembeni ya kioo, nikaendelea na kazi.

Kesho wakili wa Paskali atakuwepo. Ameshanitumia salamu kwa mtu, kwamba hati ndefu haisomwi yote barazani, inatosha kusoma mipaka. Paskali ni mdogo wangu. Nilimbeba mgongoni mwaka ule wa saa yako. Nitampelekea chakula mahabusu kila nitakapokuwa huku, na nitamwambia mwenyewe nilichokisoma, asikisikie kwa watu.

Lakini nitasoma kuanzia juu mpaka chini, Baba, na mstari wa kamba sitauruka. Mahindi ya njiani nitayang'oa kwa mikono yangu kabla ng'ombe hawajafika, hatua ishirini, kuanzia korongoni. Nakala ya tatu itakaa ukutani sebuleni, mahali kila anayeingia ataiona. Na simu ya Mama ikilia, nitapokea kwa mlio wa kwanza, hata kama anapiga kunilaani.

Pumzika, Baba. Uliyoyaandika yamefika, ila yamechelewa, na aliyeyachelewesha ni mimi.

Shikamoo.

Mwanao,
Resti