Pembe Mbili kwa Mudomo Moja

Mupendwa pacha yangu,

Kaa vizuri kwanza, na kama uko kanisani toka inje, kwa sababu utacheka. Tangu Mungu aumbe Ituri yote, kutoka Kilo kwenye dhahabu mpaka ziwani kwenye samaki, hakujatokea mutu wa kupuliza pembe mbili na mudomo moja. Sasa ametokea. Ni miye. Mbele ya shule nzima, jua la saa sita juu ya kichwa, wanafunzi wamebakia vinywa wazi. Ukisikia huko seminari wakisema kule Bunia kumetokea mutu wa ajabu, usijifanye haumujue. Sema mulilala ndani ya tumbo moja, na yeye akatoka wa kwanza kwa sababu weye uliogopa baridi.

Nikueleze vile ilianza. Masomo niliyaacha njiani, weye unajua, na kila likizo unanisema. Basi sikia: masomo yenyewe yalinifuata, tena kwa miguu. Nilikuwa nimekaa juu ya pikipiki pale njia panda, nangoja mutu wa kubeba, nikaona Madame Furaha anakuja. Madame yuleyule wa historia, aliyekuwa anakuita weye kwa jina lako na miye ananiita "ule mwingine".

"Ule mwingine," akasema. "Nyumbani kwenu kungali zile pembe za babu yenu, zile agwara?"

"Ziko, Madame. Zinalala."

"Nataka ukuje kuzifundisha. Kalasi ya tano."

"Madame, siku ile ulinitoa inje ya kalasi ya tatu, sijarudia mpaka leo."

"Nakurudisha kwa mulango ingine," akasema, akapanda nyuma ya pikipiki bila kuniuliza kama niko na mafuta.

Kumbe shule ilikuwa imepanga siku ya mataifa ya dunia. Kila kalasi ionyeshe watu wa mahali fulani: vile wanakula, vile wanavaa, vile wanacheza, miti yao, historia yao, na waamuzi wapange nani wa kwanza. Kalasi ya sita walirukia Japani. Ya nne wakachukua Brazili, kwa sababu ya mupira. Ya tano walichelewa kuchagua, wakabakia na siye wenyewe, kabila ya Alur wa Mahagi. Walikaa pale kama watu wameambiwa chakula ya leo ni ile ya jana. Binti moja anaitwa Neema, kichwa chake kama yako, kisichopumzika, akaniuliza: "Professeur, siye tuko hapahapa. Tutajifunza nini?"

Nikamuuliza, kibuyu cha agwara kinashikwa na mbao kwa kitu gani. Akanyamaza. Na miye nikanyamaza, kwa sababu nilikuwa nimesahau, lakini nilinyamaza kwa namna ya mwalimu.

Jibu nilienda kulitafuta kwa babu. Ni nta ya nyuki. Kesho yake nikawapeleka wanafunzi kando ya mto Shari kutafuta nta na kujua miti. Mupendwa, kama ungeniona. Nilitembea mbele na fimbo. Muti wa kwanza nikasema ni dawa ya tumbo. Wa pili nikasema ni dawa ya woga. Wa tatu nikasema wazee walikuwa wanautegemea sana wakati wa vita, majani yake yanafukuza adui.

"Professeur," Neema akasema, "ule ni muti wa avoka. Iko na avoka juu yake."

Nikajibu kwamba nilikuwa napima kama wanasikiliza. Madame Furaha akageuka kuangalia mto, mabega yake yakitikisika.

Nta tuliipata ndani ya gogo la zamani. Tulitia moshi, tukachukua, nyuki wakatufukuza mpaka barabarani. Weka hiyo nyuki akilini, nitairudilia.

Jioni babu akateremsha pembe zake kutoka juu ya jiko, pale zinakaa ndani ya moshi ili wadudu wasizile. Unakumbuka siku alitupatia zile mbili ndogo, tungali watoto wa pua chafu? Alisema kila agwara iko na sauti moja tu, basi, kama mutu mwenye kujua neno moja. Wimbo unapatikana wakati kila mutu anasema neno lake kwa nafasi yake. Yangu ilikuwa inauliza, yako inajibu, palepale, mate hayajakauka. Na weye ulikuwa unachelewesha jibu makusudi, unaniacha na swali langu hewani kama mutu amesalimia mutu asiyemujua. Babu anatupiga wote na kofia. "Musiache mwenzenu peke yake ndani ya wimbo," anasema, na weye unalia, miye nacheka, halafu tunabadilishana. Tukienda Shari kuchota maji, naenda chini, weye unaenda juu kuoga. Napuliza, unajibu. Mama kule nyumbani anajua tungali wazima, na anajua bidoni za maji zingali tupu.

Sasa masikio ya babu yanafunga. Unamusalimia, anakujibu habari ya mvua. Alipanga pembe chini moja moja, kubwa mpaka ndogo, akasema tangu atoke Mahagi anasikia wimbo vipande vipande tu. Huyu amehama, huyu amekufa, huyu pembe yake imepasuka. "Nataka kuusikia wote mara moja tena, mwanzo mpaka mwisho," akasema. "Nyuma ya hapo, masikio yafunge kama yanataka."

Halafu akaweka mukono juu ya ile yako. "Na hii ya Ucen, nani atapuliza?"

"Miye," nikasema. "Zote mbili."

Babu aliniangalia vile anaangaliaka redio yenye haina betri. Neema, aliyekuwa amekuja na wenzake kubeba pembe, akasema: "Nipatie miye hiyo ingine. Mapafu niko nayo." Nikamwambia hii ni mambo ya mapacha, mutu aliyezaliwa peke yake hawezi kuelewa.

Kila mutu alibeba pembe yake kwenda kujizoeza nyumbani. Hapo ndipo nilijua kwa nini wazee walikuwa wanajizoeza pamoja. Fikiri mutoto mwenye sauti moja tu, anaipuliza jioni nzima, yeye na ukuta. Mama moja wa karibu na soko alikuja shuleni kulalamika. Alikuwa amesikia ng'ombe anazaa vibaya kwa jirani, akapeleka maji ya moto, akakuta kijana wa kalasi ya tano amevimbisha mashavu.

Siku ikafika. Babu akawekwa kwenye kiti cha mbele, amevaa koti ya ndoa yake. Sasa weye unajua agwara kavu hailii, lazima inywe kwanza ili mbao ivimbe, na babu siku zote anainywesha pombe ya mahindi. Lakini prefe, mukubwa wa shule, akasimama mbele ya kidumu chetu. "Ndani ya shule yangu hakuna pombe," akasema. "Hata kwa mbao."

Wenzangu wakakata tamaa. Miye hapana. Nikaenda kwa duka mbele ya shule, nikarudi na sukre ya machungwa, ile soda ya chupa, tukanywesha pembe zote. Zilikunywa vizuri sana. Zilibakia zinanata kidogo, lakini nikasema ni baraka.

Japani walianza. Walikaa juu ya mikeka, wamefunga vitenge vya mama zao kiunoni, wanakunywa chai polepole, hakuna ruhusa ya kusema, hakuna ruhusa ya kutikisika. Ndipo nyuki wakakuja. Watu wengine wanasema ni sababu ya sukre. Miye nasema walikuja kudai nta yao. Japani walivumilia. Mungu anajua walivumilia. Kijana moja nyuki ilitembea juu ya sikio lake na akaendelea kumimina chai. Halafu ikaingia ndani ya shati, na Japani nzima ikakimbilia Brazili.

Siye hatukukimbia. Niliwaambia pulizeni. Tukaingia uwanjani, pembe zinalia, miguu inaruka, mikono inapiga shingo, inapiga mugongo, na kila mutu anaruka kwa upande wake, na prefe mwenyewe akasimama kupiga makofi. Waamuzi walisema hawajaona ngoma yenye nguvu hivi. Wakauliza ile hatua ya kujipiga kisogo maana yake ni nini. Nikasema ni salamu kwa mababu. Wakaandika. Kalasi ya tano wakatoka wa kwanza, na sasa wanatembea mujini kama Mahagi waliijenga wao.

Madame Furaha anasema nirudie kalasi ya tatu, saa za mangaribi, na nimejibu nitafikiri, nisionekane nilikuwa nangoja. Mama anakusalimia, anauliza kama huko mnakula. Pikipiki inakohoa lakini inaenda.

Sasa kuna ingine. Nakuambia weye kwa sababu karibu utakuwa padri, uanze kuzoea.

Zile pembe mbili nilizifunga pamoja na kipande cha mupira wa gurudumu, ili mudomo usisafiri mbali. Mara ya kwanza ilienda: swali, jibu. Nakuapia ilienda. Nilisikia hata miye mwenyewe, nikasema kumbe Ucen iko hapa. Halafu nyuki ikaniuma mudomo wa juu. Ulivimba kama andazi ndani ya mafuta. Ulibakia na nguvu ya pembe moja, nikapuliza yangu, kwa sababu bila swali wimbo hauanzi. Neema alikuwa nyuma yangu na kibuyu cha kutikisa, angenyoosha mukono tu kuchukua ile yako, lakini sikumupatia.

Watu hawakujua. Walipiga makofi. Lakini babu hakuwa anaangalia nyuki, hakuwa anaangalia miguu. Kila wimbo ulipofika pale, nikiuliza, aligeuza kichwa kuangalia mulango wa shule. Wimbo unazunguka, unafika pale tena, anageuka tena. Mpaka mwisho.

Nyumbani nikamwambia, karibu na lile sikio la kushoto lenye lingali linasikia: "Babu, unajua Ucen iko seminari."

"Najua," akasema. "Ni shingo haikujua."

Akachukua pembe yako, akaifuta ile sukre na pindo la koti, akairudisha juu kwenye moshi, peke yake, mahali mukono unaifikia haraka. Likizo ikifungua, pita hapa kwanza, mbele ya kupita kwa mapadri. Usicheleweshe makusudi.

Pembe mbili nilizipuliza mara moja tu. Mara zile zingine zote niliuliza peke yangu, na babu hakusikia wimbo wote.

Pacha yako,
ule mwingine