Hashimu, samaki wa bahari na chumvi ya Uvinza

Firdausi, shemeji yako leo kanitia aibu, sina pa kuweka uso.

Si lile tangi la kioo aliloagiza Dar, afuge samaki wa bahari dukani? Hapa Kasulu. Bahari!

Muuzaji alimwambia kwenye simu, nasikia mwenyewe: "Hela ikiwa ndogo anza na pampu na chumvi yake maalumu. Taa baadaye."

Hashimu akanunua taa. Ya buluu! Pampu, eti atakoroga maji kwa mkono. Na chumvi? "Chumvi ni chumvi, ya Uvinza imejaa sokoni."

Ya kupikia, Firdausi. Ya maharage!!

Leo samaki wameshuka na basi, wa njano, wazuri hao! Kawatia humo, watu wamejaa dukani wanatazama. Chai haijapoa, wote tumbo juu.

Mama Ntirampeba wa jirani akachungulia, kwa upole kabisa: "Baba, sisi tunawaua kwanza ndiyo tunawatia chumvi."

Watu hoi kwa kicheko. Hashimu anafuta kioo tu. Anafuta kioo!

Walipoondoka nikajua sasa atakiri. Kanigeukia:

"Lakini Shamsia, taa si imependeza?"