Mashine Uliyoniletea na Fremu ya Bluu

Karakana, nyuma ya kinyozi,
Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa mpwa wangu Masikio,

Salamu nyingi, hata ukizitia kwenye gunia hazienei. Hujambo? Mkeo hajambo, na wale watoto wawili wanaonisalimia kwenye simu kama wanamsalimia askari? Mimi mzima, ukitoa magoti, jicho la kushoto, na adabu, ambayo hata ujanani sikuwa nayo. Mama yako anapumua, anakula kidogo na ananitukana vizuri. Mengine ya kwake yanakuja, tulia kwanza.

Mashine ya kuchomelea ilifika. Ile ya waya unaotoka wenyewe, kubwa kama jokofu! Mtaa mzima ulikuja kuitazama. Kinyozi alimwacha mtu na kipara nusu. Siku hiyohiyo nikaigawa mashine yangu ya zamani kwa fundi mageti wa ng'ambo ya barabara, tena kwa mbwembwe. Kipya kinyemi ingawa kidonda, na yako wala haikuwa mpya.

Basi ikakataa kuunguza. Inanguruma, inatema cheche, lakini chuma hakiyeyuki. Waya unakaa juu yake kama tongotongo. Nikaongeza nguvu hadi namba ya mwisho: tongotongo. Nikapunguza kasi ya waya. Nikabadili ncha ya shaba. Nikakwangua rangi pale kibanio kinapong'ata chuma mpaka pakang'aa. Nikafungua ubavu, nikapuliza vumbi, nikamfukuza mjusi aliyepanga humo, nikakaza nati zote. Wapi! Ikawa kama mimi mwenyewe: kelele nyingi, nguvu hamna.

Sasa, miguu ya mama yako unaijua. Nilikuwa nimemwahidi fremu ya mabomba ya kutembelea, aende chooni bila kuning'inia kwenye shati langu. Kila asubuhi ananiuliza, "Wewe mtoto, hiyo fremu tayari, au nikazaliwe upya nipate miguu mingine?" Kwenda kwa fundi mageti kuazima nilichokitoa kwa maringo, niliona haya. Nikachomelea hivyohivyo. Viungo vikashika juu juu tu. Nikavipitishia grainda vikalainika, nikapaka rangi ya bluu anayoipenda.

Mpwa wangu, miaka hamsini nimewapigia kelele wanafunzi wangu: kiungo kipige nyundo kwanza, rangi baadaye. Vile sikuvipiga nyundo. Nilijua vitanijibu nini.

Alitembea nayo siku mbili, anaringa kama mwali. Siku ya tatu, kizingitini, mguu mmoja wa fremu ukachomoka kama jino la mtoto, naye huyo chini. Nyonga imevunjika. Daktari kasema mfupa wa umri ule hauungi sawasawa, na kumpasua haiwezekani, moyo hautastahimili. Hatasimama tena. Nilimuuliza mara mbili, nikijifanya kiziwi.

Ndipo nikamwita fundi umeme, kama mtu anayeita zimamoto waje kupima majivu. Akafungua kule nyuma, akacheka, halafu akanitazama usoni akaacha.

"Mzee, hii ya kiwandani. Inataka njia tatu za umeme, wewe unailisha moja. Aliyeiuza kaifungia plagi ya nyumbani tu. Huzioni nyaya hizi zimezungushiwa utepe?"

"Niliziona. Nikadhani za akiba."

"Sasa mtaa wote huu una njia moja. Labda uhame wewe, mzee."

Kwa hiyo mashine haina ugonjwa, ina njaa, na chakula chake hapa hakipo. Usijilaumu. Wewe ulinunua kwa moyo. Aliyepaka rangi ni mimi.

Mama yako kanikataza kukuandikia. Kasema nikikushtua, nyonga ya pili itakayovunjika ni yangu. Habari ya nyundo haijui. Wageni wakija anawaambia bomba lilikuwa limeoza, mdogo wake ni fundi, hakosei. Akianza hivyo mimi hutoka nje.

Ile mashine ya zamani fundi mageti kanirudishia bila neno, na ningependa anitukane. Nimemchomelea dada kizuizi cha kitanda asidondoke. Nilikipiga nyundo mpaka kinyozi akaja kuuliza kuna nini. Hakikuachia hata unywele. Hakuna chuma kigumu kama kile mtaa mzima, na anayekishika haendi popote.

Usitume mashine nyingine. Njoo wewe. Akisikia pikipiki yoyote anauliza kama ni wewe, nami nimeishiwa uongo.

Msalimie mkeo, na wale askari wadogo wawili. Kinyozi anakusalimu. Mungu akuunge na watu wako, moto ufike ndani, usiishie juu juu kama wangu.

Wako akupendaye, ukija nitukane,

Mjomba.